Kuita Maktaba za Nje katika Ganda la Majibizano: Somo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mtafiti wa lugha na fasihi ya Kiswahili anavyoweza kuita maktaba za nje katika ganda la majibizano la lugha ya programu iitwayo Python. Yanaanza kwa kutatua mkanganyiko wa istilahi, kisha yanaeleza hatua zinazohusika na hitilafu zinazowakabili wanaoanza. Baadaye yanaonyesha, kwa mifano, kwamba maktaba iliyobuniwa kwa misingi ya Kiingereza inaweza kuitwa bila hitilafu yoyote na bado ikavuruga sarufi ya Kiswahili kimyakimya. Makala yanahitimisha kwamba ujuzi wa sarufi ndio unaopaswa kuitawala zana, wala si zana kuitawala sarufi.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, mwanafunzi wa Kiswahili aliyetaka kujua ni mara ngapi neno fulani limetumika katika matini alilazimika kusoma ukurasa baada ya ukurasa akiweka alama kwa kalamu. Kazi hiyo ina manufaa yake, kwani humlazimisha mtafiti kuisoma matini kwa makini. Hata hivyo, inapohusu kurasa mia nane, jicho huchoka na hesabu huyumba. Tarakilishi haichoki. Hii ndiyo sababu wanafunzi wengi wa uzamili wameanza kugeukia lugha za programu ili zisaidie katika kuhesabu, kupanga na kulinganisha data ya lugha.

Lugha ya Python, iliyotolewa kwa umma na Guido van Rossum mwaka 1991, imependwa na wanaisimu kwa sababu mbili. Kwanza, sintaksia yake ni nyepesi kusomeka. Pili, ina maktaba nyingi zilizoandikwa na watu wengine na kutolewa bure. Mojawapo ya maktaba hizo ni NLTK, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Steven Bird na Edward Loper katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kwa madhumuni ya kufundishia uchanganuzi wa lugha kwa tarakilishi.

Ili mjadala usielee hewani, makala haya yanamchukulia mtafiti wa kupigiwa mfano anayeishi Gatongora. Gatongora ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, katika ukanda unaotoka Nairobi kuelekea Thika. Katika ukanda uo huo kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja. Mtafiti huyu anakusanya mazungumzo ya Kiswahili sokoni na katika vituo vya matatu. Intaneti anayoitegemea nyumbani ni ile ya kununua kwa vifurushi vya simu, na chuoni huipata kwa saa chache. Hali hii, kama itakavyobainika, inaathiri hata namna ya kuita maktaba.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika utendaji, ni muhimu istilahi tatu zifafanuliwe.

2.1 Ganda la majibizano

Ganda ni programu inayopokea amri ya mtumiaji na kuipeleka ndani ya tarakilishi. Wapo wanaopendekeza neno hili litoholewe kuwa sheli. Pendekezo hilo lina kasoro, kwani kwa Waswahili wengi sheli tayari ni kituo cha kuuzia petroli, maana iliyotokana na jina la kampuni ya mafuta. Neno ganda linafaa zaidi. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huitwa kiini, na Mswahili anayelijua yai anajua kwamba kiini hukaa ndani ya ganda. Sitiari iliyowaongoza wabunifu wa mifumo hiyo inapatikana kikamilifu katika Kiswahili bila ya kukopa.

Ganda huwa la majibizano pale linapofuata mzunguko wa hatua nne: kusoma amri, kuitathmini, kuchapa jibu, na kurudi kungojea amri nyingine. Mzunguko huu ulizoeleka tangu miaka ya 1960 kupitia lugha ya programu ya LISP. Msomaji wa fasihi hatakosa kuuona mshabaha wake na ngonjera, utanzu uliovumishwa na Mathias Mnyampala: mmoja husema, mwingine hujibu, na kila jibu huwa msingi wa kauli inayofuata. Tofauti ni kwamba katika ganda, mjibu hana subira na makosa ya tahajia. Hana pia uwezo wa kukisia nia ya msemaji.

2.2 Maktaba

Maktaba katika muktadha huu ni mkusanyiko wa programu fupifupi zilizokwisha kuandikwa ambazo mtu anaweza kuzitumia katika kazi yake. Sehemu moja ya mkusanyiko huo, ambayo kwa kawaida huwa faili moja, huitwa moduli. Maktaba inapofungashwa ili isambazwe huitwa kifurushi. Maktaba ni ya ndani ikiwa imekuja pamoja na Python yenyewe, na ni ya nje ikiwa lazima iletwe kutoka kwingine.

2.3 Kupakua, kusakinisha, kupakia na kuita

Hapa ndipo penye utata mkubwa zaidi. Kitenzi kupakia kimetumiwa na wengine kwa maana ya kupeleka faili kwenye mtandao, na wengine kwa maana ya kuiweka programu katika kumbukumbu ya tarakilishi. Mwanafunzi anayeambiwa "pakia maktaba" hawezi kujua atakiwalo. Makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao: kupakua ni kuitoa maktaba mtandaoni hadi kwenye diski, kusakinisha ni kuiweka mahali ambapo Python itaiona, na kuita ni kuiingiza katika kikao cha ganda kinachoendelea. Kitabu kikinunuliwa kimefika chuoni. Kikipangwa rafuni kimesakinishwa. Lakini hakina faida kwa msomaji mpaka akiitishe na kukifungua mezani.

3.0 Hatua za Kuita Maktaba

3.1 Kutambua aina mbili za ganda

Mtafiti anapofungua tarakilishi hukutana na maganda mawili. La kwanza ni la mfumo endeshi, ambalo katika Linux huonyesha alama $ na katika Windows huonyesha njia ya folda ikifuatwa na alama >. La pili ni la Python, linaloonyesha alama tatu: >>>. Amri ya kusakinisha huandikwa katika ganda la kwanza, na amri ya kuita huandikwa katika la pili. Wanaoanza wengi huandika amri ya kusakinisha mbele ya >>> na kujibiwa kwamba sintaksia yao ina kosa. Kosa hapo si la tahajia. Ni la kuzungumza na mtu asiyehusika.

3.2 Kusakinisha

Katika ganda la mfumo endeshi, amri ni hii:

python -m pip install nltk

Pip ni chombo cha kusakinishia vifurushi. Huvitafuta katika hazina kuu ya Python iitwayo PyPI. Sehemu ya kwanza ya amri, python -m, huhakikisha kwamba kifurushi kinawekwa katika Python ileile itakayotumiwa baadaye. Tahadhari hii ina uzito kwa sababu tarakilishi moja inaweza kuwa na matoleo mawili au matatu ya Python, na maktaba iliyosakinishwa katika toleo moja haionekani katika jingine.

Jambo jingine la kuzingatia ni usalama. Yeyote anaweza kuchapisha kifurushi katika PyPI, na kumewahi kupatikana vifurushi vyenye nia mbaya vilivyopewa majina yanayokaribiana na yale mashuhuri. Herufi moja ikikosewa, mgeni asiyealikwa anaweza kukaribishwa ndani. Jina la kifurushi lihakikiwe kabla ya kubonyeza.

3.3 Kusakinisha bila ya mtandao

Mtafiti wa Gatongora anaweza kupakua kila kitu akiwa chuoni na kukisakinisha nyumbani. Chuoni, ataandika:

python -m pip download nltk -d mzigo

Amri hii hupakua NLTK pamoja na vifurushi vingine inavyovitegemea, na kuviweka katika folda iitwayo mzigo. Folda hiyo hunakiliwa kwenye flashi. Nyumbani, bila ya mtandao, ataandika:

python -m pip install --no-index --find-links mzigo nltk

Sharti ni kwamba tarakilishi hizo mbili ziwe na mfumo endeshi wa aina moja na toleo moja la Python, kwa kuwa baadhi ya vifurushi hutengenezwa mahususi kwa mfumo fulani. Mwanafunzi mmoja akiupakua mzigo huu, wenzake kumi wanaweza kuunakili bila ya kugharimika tena.

3.4 Kuita

Baada ya kusakinisha, mtafiti hufungua ganda la Python na kuandika:

>>> import nltk

Ganda lisipojibu lolote na kurudisha alama ya >>>, maktaba imeitika. Katika Python, kimya ni ishara ya kufaulu. Likijibu ModuleNotFoundError, maana yake ni kwamba maktaba haikupatikana: ama haijasakinishwa, ama imesakinishwa katika Python nyingine, ama jina limekosewa.

Kuna namna nyingine mbili za kuita. Ya kwanza ni kuita kwa lakabu, kwa mfano import nltk as n, ambapo n itasimama badala ya jina kamili. Ya pili ni kuita kipengele kimoja tu, kwa mfano from nltk import FreqDist. Ipo pia namna ya kuita vipengele vyote vilivyo wazi kwa kutumia kinyota. Hii haifai, kwa kuwa majina mageni yanaweza kufunika majina ambayo mtafiti mwenyewe amekwisha kuyatumia, naye asijue.

3.5 Kuleta data

NLTK ni programu. Matini zake huletwa mbali. Miongoni mwa matini hizo ni Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo limo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mtafiti aliye na mtandao ataandika:

>>> nltk.download('udhr')
>>> from nltk.corpus import udhr
>>> maneno = udhr.words('Swahili_Kiswahili-Latin1')
>>> nltk.Text(maneno).concordance('haki')

Amri ya mwisho huonyesha mahali neno haki linapotokea, likiwa katikati ya maneno yanayolizunguka. Kwa dakika moja mtafiti amepata orodha ambayo ingemchukua alasiri nzima.

4.0 Python Hutafuta Wapi?

Hitilafu nyingi humalizika mtafiti anapoelewa jinsi Python inavyotafuta moduli. Kwanza hutazama kama moduli imekwisha kuitwa katika kikao hicho. Ikiwa bado, hutafuta katika orodha ya folda iitwayo sys.path, moja baada ya nyingine, na kusimama pale inapolipata jina hilo kwa mara ya kwanza. Katika ganda la majibizano la kawaida, folda ya kwanza katika orodha ni ile ambamo mtafiti anafanyia kazi.

Utaratibu huu una matokeo mawili. Tokeo la kwanza: mwanafunzi akihifadhi zoezi lake katika faili aliloliita nltk.py, kisha akaita nltk, Python italichukua faili lake na kuiacha maktaba halisi. Ni sawa na mwana kupewa jina la babu yake. Ukiita, aliye karibu ndiye aitikaye. Dawa ni kubadilisha jina la faili.

Tokeo la pili: moduli huendeshwa mara moja tu katika kikao. Mtafiti akiirekebisha moduli yake kisha akaiita tena kwa import, atapata ileile ya awali na huenda akadhani marekebisho yake hayana maana. Anapaswa ama kulifunga ganda na kulifungua upya, ama kuandika:

>>> import importlib
>>> importlib.reload(viambishi)

ambapo viambishi ni jina la moduli iliyorekebishwa.

5.0 Maktaba Inapoitika na Bado Ikakosea

Mpaka hapa hitilafu zilizotajwa ni zile zinazojitangaza. Hatari kubwa zaidi imo katika zile zisizojitangaza. Mifano mitatu itatosha.

5.1 Ritifaa

Tuseme mtafiti anataka kuigawa sentensi katika maneno:

>>> from nltk.tokenize import wordpunct_tokenize
>>> wordpunct_tokenize("Mama akame ng'ombe.")
['Mama', 'akame', 'ng', "'", 'ombe', '.']

Ng'ombe amechinjwa vipande vitatu. Kanuni iliyotumika huichukulia ritifaa kuwa alama ya uakifishaji, ilhali katika Kiswahili ng' ni konsonanti moja. Mtafiti wa fonolojia anayehesabu maneno yenye sauti hiyo atapata sufuri. Kanuni inaweza kuandikwa upya:

>>> from nltk.tokenize import regexp_tokenize
>>> regexp_tokenize("Mama akame ng'ombe.", r"\w+(?:['’]\w+)*|[^\w\s]")
['Mama', 'akame', "ng'ombe", '.']

Kanuni hii imejumuisha ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, kwa kuwa programu za kuandikia matini mara nyingi hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila ya mwandishi kujua.

5.2 Kiishio -e

NLTK ina kifaa cha kupunguza neno hadi kwenye shina, kilichojengwa juu ya kanuni alizozichapisha Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza. Kikitumiwa kwa Kiswahili, haya ndiyo matokeo:

>>> shina = nltk.PorterStemmer()
>>> shina.stem('tupende')
'tupend'
>>> shina.stem('akame')
'akam'
>>> shina.stem('akamate')
'akam'

Katika Kiingereza, -e ya mwisho aghalabu haitamkwi, na -ate ni kiambishi tamati cha kawaida. Kwa hiyo kifaa kimeziondoa. Katika Kiswahili, -e ni alama ya hali tegemezi, inayobeba ombi, amri, matakwa na nasaha. Mtafiti anayechunguza sauti ya kimaadili katika tenzi za mawaidha angepoteza alama aliyoitafuta. Zaidi ya hayo, akame, yaani atoe maziwa, na akamate, yaani ashike, yamekuwa neno moja. Mkamaji na askari wamefanywa kuwa na kazi moja, na ganda halikutoa onyo lolote.

5.3 Viambishi awali

Mfano wa tatu unahusu umbo zima la lugha. Kiswahili ni lugha ambishi. Katika sentensi "Wanafunzi waliokisoma kitabu walikipenda," vitenzi soma na penda vimo, lakini mtafiti akiitafuta soma kama neno kamili hataipata. Neno haki, lililotafutwa katika sehemu ya 3.5, lilipatikana kwa urahisi kwa sababu halibadiliki katika umoja na wingi. Mtafiti angelitafuta mtu, asingeonyeshwa watu. Jedwali la idadi litokanalo na utafutaji kama huo linaweza kuwa nadhifu na lenye tarakimu sahihi kabisa kuhusu jambo lisilo sahihi. Likiingia katika tasnifu, wasomaji wa baadaye watalinukuu.

6.0 Kujitungia Moduli na Kuiita

Suluhisho si kuiacha tarakilishi. Ganda linaloita maktaba ya mgeni linaweza kuita pia maktaba ya mwenyeji. Tuseme mtafiti anaandika mistari ifuatayo katika faili viambishi.py:

import re
MUUNDO = re.compile(r'^(ni|u|a|tu|m|wa|ki|vi|i|zi|li|ya|ku|pa)(na|li|ta|me)(.+)$')
def changanua(neno):
    m = MUUNDO.match(neno.lower())
    return m.groups() if m else None

Kundi la kwanza ni la viambishi vya nafsi na ngeli; la pili ni la viambishi vya njeo na hali; la tatu ni kinachosalia. Akiwa katika folda hiyohiyo, anafungua ganda na kuandika:

>>> from viambishi import changanua
>>> changanua('tunapenda')
('tu', 'na', 'penda')
>>> changanua('anaendanga')
('a', 'na', 'endanga')

Mfano wa pili unaihusu Gatongora moja kwa moja. Kiambishi -anga cha kuonyesha mazoea husikika sana katika Sheng na katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara la Kenya. Moduli imekitenga pamoja na mzizi, na sasa mtafiti anaweza kuongeza kanuni ya kukibainisha. Maktaba iliyotungwa mbali isingetarajiwa kukijua. Anayekisikia kila siku akipanda matatu ndiye anayepaswa kukiandikia kanuni.

Hata hivyo, moduli hii ya mwenyeji nayo isiaminiwe kwa upofu. Tazama:

>>> changanua('walimu')
('wa', 'li', 'mu')
>>> changanua('mlima')
('m', 'li', 'ma')
>>> changanua('kitabu')
('ki', 'ta', 'bu')

Moduli imewafanya walimu kuwa kitenzi cha wakati uliopita, na kitabu kuwa kitenzi cha wakati ujao. Kosa la kitabu lina mafunzo ya ziada. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambamo ki- si kiambishi. Ni sehemu ya mzizi uleule wa k-t-b uliozaa maktaba. Waswahili walilisikia wakaligawa upya kuwa ki-tabu, wakapata wingi wa vitabu. Wao walifanya hivyo kwa kuongozwa na mfumo wa ngeli na maana ya neno. Moduli imeligawa kwa kufuata herufi pekee.

Mtafiti anaweza kupunguza makosa haya kwa kuandaa orodha ya nomino katika faili na kuiagiza moduli iiangalie kwanza kabla ya kuchanganua. Bado zitabaki sentensi ambazo orodha haitazitatua. Katika "Wananchi walipa kodi," moduli itatoa ('wa', 'li', 'pa') kana kwamba wananchi walimpa mtu kitu, ilhali kitenzi ni lipa katika hali ya -a-. Hapo ni muktadha pekee unaoamua.

Ukubwa wa kazi hii unaelezwa na historia ya wale walioifanya kwa kina. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili katika miaka ya 1980 na akaendelea nacho kwa miongo kadhaa. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina takribani maneno milioni 25, imechanganuliwa kwa mfumo aliouanzisha. Katika Afrika yenyewe, jumuiya ya watafiti ya Masakhane, iliyoanza mwaka 2019, ilitoa mwaka 2021 data ya kutambulia majina mahususi katika lugha kumi za Kiafrika, Kiswahili na Kijaluo zikiwemo. Kazi hizi zinaonyesha kwamba njia imekwisha kufunguliwa. Zinaonyesha pia kwamba wataalamu wa tarakilishi wanawahitaji wanasarufi, kwani kanuni ya mofolojia haiwezi kuandikwa na asiyeijua mofolojia.

7.0 Mazoezi

1. Ita moduli ya viambishi katika ganda, kisha jaribu maneno haya: utamaduni, amefika, hajaenda, waliokisoma. Eleza kwa istilahi za mofolojia kwa nini kila jibu liko sahihi au la.

2. Ongeza katika MUUNDO nafasi ya kiambishi cha mtendwa, ili walikipenda ligawike katika sehemu nne. Taja maneno matatu ambayo marekebisho yako yameyaharibu.

3. Rekodi, kwa idhini ya wahusika, mazungumzo ya dakika tano katika mazingira yako. Yanukuu, yachanganue, na uorodheshe maumbo yote yaliyorudisha None. Je, orodha hiyo inasema nini kuhusu Kiswahili cha mahali hapo?

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuita maktaba ya nje katika ganda la majibizano ni tendo lenye hatua zinazotofautiana, na kwamba kuzitaja kwa vitenzi tofauti kunaondoa nusu ya utata. Yameonyesha vilevile kwamba maktaba inayoitika haimaanishi kwamba imeelewa. Ganda huripoti kukosekana kwa faili. Haliwezi kuripoti kukosekana kwa sarufi. Jukumu hilo ni la mtafiti.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili ziwafunze wanafunzi wa utafiti misingi ya kutumia ganda la programu, na kwamba kila tasnifu inayotumia takwimu za lugha itaje maktaba iliyotumika, toleo lake, na kanuni zilizorekebishwa. Inapendekezwa pia kwamba wanafunzi wahifadhi na kugawana moduli wanazozitunga, hata zikiwa na mistari mitano. Zikikusanywa na kusahihishwa mwaka baada ya mwaka, ndizo zitakazokuwa maktaba ya Kiswahili ambayo mwanafunzi atakayefuata, awe Gatongora au Zanzibar, ataiita kwa mstari mmoja.